Makaroni ya Mrija: Yapi Yashike Nafasi ya Yapi?

Kaeni karibu, na kama kalamu na karatasi vipo, vishikeni, maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Huenda wengine mtashangaa. Mtasema, bwana shamba leo ameacha mbolea na mbegu bora, ameingia jikoni? Ndiyo, leo tunaingia jikoni, na tunaingia kwa sababu tatu. Kwanza, makaroni ni ngano, na ngano ni zao letu. Wapo wanaolima Hanang, Karatu, Njombe na Makete, na jirani zetu wa Kenya wanalima Narok, Nakuru na Uasin Gishu. Mkulima hana budi kujua zao lake linaishia wapi. Pili, makaroni hayaliwi makavu. Yanataka nyanya, vitunguu, karoti, choroko, maziwa na mayai, vitu ambavyo ninyi ndio mnavyovitoa shambani. Tatu ni fedha. Mama lishe anayepika siku ya gulio, au kikundi cha akina mama kinachopikia harusi, akinunua makaroni yasiyofaa chakula chake hugeuka bokoboko, wateja wanakwenda kwa jirani, na mtaji wa siku unamwagwa jalalani.

Basi swali la leo ni hili. Umeelekezwa upike kwa makaroni yaitwayo penne. Umefika dukani, penne hakuna. Yapo mafupi yaliyopinda, yapo manene yenye mistari, yapo laini yasiyo na mistari. Je, ununue yapi? Au urudi nyumbani mikono mitupu? Tutaona kwamba mara nyingi huna haja ya kurudi mikono mitupu, mradi ujue mambo machache.

MAKARONI YANAVYOTENGENEZWA

Tuanze kiwandani. Unga wa ngano ulio wa chengachenga, kama ule wa suji, hutiwa maji kidogo tu, kiasi cha kilo 25 hadi 30 za maji kwa kilo 100 za unga. Donge lake huwa gumu kuliko la chapati. Donge hilo husukumwa kwa nguvu nyingi kupitia bamba la chuma lenye matundu, mfano wa mashine ya kusagia nyama. Katikati ya kila tundu pana kijiti cha chuma. Donge likipita pembeni mwa kijiti, linatoka likiwa na uwazi katikati, yaani mrija. Kisu kinakata, kisha mirija inakaushwa.

Sasa hapa mkulima asikilize vizuri. Makaroni hukaushwa mpaka unyevu usizidi 12.5 kwa mia. Hamjazoea kusikia namba ya jinsi hiyo? Mmeizoea. Mahindi tunawaambia yasiingie ghalani mpaka unyevu ufike kama 13 kwa mia. Kwa hiyo makaroni ni nafaka kavu kama nafaka nyingine, na adui zake ni wale wale: unyevu, panya na fukusi. Pakiti iliyofunguliwa iwekwe katika chombo chenye mfuniko unaobana. Wala usiiweke karibu na magunia yaliyotiwa dawa ya ghalani.

Kwa nini mrija? Kwa sababu maji ya moto yanapita nje na ndani kwa wakati mmoja. Fikirini kipande kinene cha muhogo na kipande chembamba: kinene kinachelewa kuiva moyo. Makaroni ya mrija hayana moyo. Kinachoamua muda wa kuiva ni unene wa ukuta wa mrija, si ukubwa wa mrija wenyewe. Shikeni neno hilo, tutalihitaji baadaye.

AINA ZINAZOFANANA

Zipo aina nyingi sana, na majina yake mengi yametoka Italia. Tusiyaogope majina. Tutazame umbo.

Ya kwanza ni makaroni madogo yaliyopinda kama kiwiko. Haya ndiyo yanayopatikana kwa urahisi katika maduka mengi. Ukuta wake ni mwembamba, nayo huiva kwa dakika 7 hadi 9. Kupinda kwake hakuhitaji mashine ya kupinda. Kile kijiti cha ndani ya tundu kimechongwa ili upande mmoja utoke haraka kuliko wa pili, basi mrija unajipinda wenyewe.

Ya pili ni penne. Huu ni mrija ulionyooka, urefu wake kama pingili moja na nusu ya kidole, na umekatwa kimshazari pande zote mbili, kama ukatavyo pingili ya muhogo kwa panga. Jina lake kwa Kiitaliano maana yake ni kalamu za unyoya, kwa sababu ncha yake inafanana na ncha ya kalamu ya zamani. Mwaka 1865 mtengenezaji mmoja wa San Martino d'Albaro, karibu na mji wa Genoa, aliyeitwa Giovanni Battista Capurro, alipata hati ya uvumbuzi kwa mashine ya kukata kimshazari bila kuponda mrija. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikatwa kwa mkasi. Penne zipo laini na zipo zenye mistari. Huiva kwa dakika 10 hadi 12.

Ya tatu ni ziti. Ni mrija laini uliokatwa wima, si kimshazari. Huko Napoli na kusini mwa Italia ni chakula cha harusi, na jina lenyewe linatokana na neno la bibi harusi. Kwa desturi ilikuwa mirija mirefu, ikavunjwa kwa mkono kabla ya kutiwa chunguni.

Ya nne ni rigatoni. Huu ni mrija mpana, umekatwa wima, na nje una mistari mikubwa kama matuta ya shamba lililolimwa vizuri. Ukuta wake ni mnene. Huchukua dakika 12 hadi 15.

Ya tano ni ditalini, vimrija vifupi sana, vifupi kama kile kifuniko cha chuma anachovaa fundi cherehani kidoleni. Hivi ni vya supu na maharage.

Ya sita ni cannelloni, mirija mikubwa ya kujazwa nyama au mchicha kisha kuokwa. Hii iko peke yake, tutaona kwa nini.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

Ndugu wakulima, mkitaka kubadilisha aina moja kwa nyingine, msifuate jina lililoandikwa. Tazameni mambo manne.

La kwanza ni ukuta: mnene au mwembamba? Huo ndio utakaokuambia muda wa kupika.

La pili ni tundu: pana au jembamba? Tundu ni mlango wa mchuzi. Kama mchuzi wako una nyama ya kusaga, choroko au dengu, vitu hivyo vinaweza kuingia katika penne au rigatoni, na kila tonge linabeba chakula chake. Lakini punje ya harage haiingii katika penne. Maharage yanakwenda na makaroni madogo, ili kijiko kimoja kichote vyote viwili pamoja.

La tatu ni ngozi: laini au ina mistari? Mistari inashika mchuzi kama matuta yanavyozuia maji ya mvua yasikimbie. Ngozi laini inateleza, mchuzi unabaki chini ya sahani.

La nne ni urefu. Yaliyo marefu kidogo yanafaa kuliwa kwa uma. Mafupi sana yanafaa kwa kijiko na supu.

Sasa basi, tufanye mabadilishano yenyewe.

Ukikosa penne, ziti ndiyo ndugu yake wa karibu. Upana unakaribiana na muda unakaribiana. Tofauti ni kwamba ziti ni laini. Kwa hiyo acha mchuzi wako uchemke zaidi mpaka uwe mzito, ndipo uushikishe. Ukiuacha mwepesi utateleza wote.

Ukikosa penne ukapata rigatoni, chukua bila wasiwasi kama mchuzi ni mzito au una nyama. Ongeza dakika 2 au 3 za kuchemsha. Kama mchuzi wako ni mwepesi, wa nyanya na vitunguu tu, rigatoni itaonekana imeuzidi, mtu atatafuna ngano zaidi ya mchuzi.

Ukikosa rigatoni, penne yenye mistari inatosha. Kata nyama vipande vidogo zaidi ili viingie.

Ukipata yale ya kiwiko tu, yanaweza kushika nafasi ya penne katika mchuzi wa maziwa, wa nazi, au wa nyanya uliopondwa vizuri. Lakini punguza muda, wala usiyaoke kwa muda mrefu, kwa sababu ukuta wake mwembamba hauvumilii. Na kwa supu ya maharage hayo ya kiwiko ni bora kuliko penne. Yanashika nafasi ya ditalini barabara.

Cannelloni haina mbadala katika mirija midogo. Huwezi kuijaza penne mchicha. Ukiikosa, badili upishi wenyewe: panga safu ya penne au rigatoni iliyochemshwa, safu ya mchicha, safu nyingine ya makaroni, kisha mwagia mchuzi na uoke. Walaji watashiba vile vile.

Jambo moja la kukataza: usichanganye aina mbili katika chungu kimoja kwa wakati mmoja. Nyembamba itapondeka kabla nene haijaiva. Kama umebaki na nusu pakiti ya hii na nusu ya ile, anza na iliyo nene, halafu iliyo nyembamba uitie baada ya dakika kadhaa. Soma muda kwenye pakiti zote mbili. Tofauti ya namba hizo ndiyo dakika za kusubiri.

PIMA KWA UZITO, SI KWA KIKOMBE

Hapa ndipo wengi hupotea. Kikombe kimoja cha makaroni madogo na kikombe kimoja cha rigatoni si sawa. Katika rigatoni kikombe kimejaa hewa. Ukibadilisha kikombe kwa kikombe utapika kidogo au utapika kupita kiasi. Badilisha gramu kwa gramu. Kama huna mzani, tumia pakiti: pakiti ya gramu 500 ukiigawa nusu sawasawa unapata gramu 250.

Mtu mzima anatosheka na gramu 100 za makaroni makavu. Yakiiva uzito unakuwa kama mara mbili au mbili na nusu. Kwa hiyo watu 10 wanahitaji kilo 1, na chungu kiwe kikubwa.

Waitaliano wanasema lita 1 ya maji kwa gramu 100. Kwa sisi tunaopika kwa kuni na kubeba maji kichwani, lita 10 kwa kilo moja ni mzigo. Lita 5 au 6 zinatosha, mradi maji yachemke sana kabla ya kutia, na ukoroge vizuri dakika 2 za mwanzo. Dakika hizo ndizo makaroni yanapogandana. Chumvi weka kijiko kimoja cha chai kwa lita moja na nusu, si zaidi, maana na mchuzi una chumvi yake.

Ipo na njia ya kuokoa kuni. Makaroni yakishachemka dakika 2, funika chungu barabara, ondoa motoni, kiweke katika kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu. Joto lililobaki litamaliza kazi. Ongeza dakika 2 au 3 juu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, halafu onja. Njia hii inafaa zaidi kwa makaroni ya ngano ngumu. Yale ya ngano laini yanaweza kulegea.

Wa nyanda za juu, mnanisikia? Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi 1. Mahali penye mwinuko wa mita 2000, kama Njombe, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100. Ndiyo maana maharage yenu yanachelewa, na makaroni nayo yanachelewa. Muda wa pakiti uongezeni kidogo, na mwamuzi wa mwisho awe ulimi. Chukua kipande kimoja, kiume. Ukiona katikati ya ukuta pana kistari cheupe cha unga, bado.

NGANO NGUMU NA NGANO LAINI

Je, ni kwa nini pakiti mbili za umbo lile lile, moja inasimama na nyingine inageuka uji? Jibu liko shambani.

Kuna ngano ya mkate, ambayo ndiyo inayolimwa kwa wingi kwetu, na kuna ngano ngumu iitwayo durum. Hizi ni mimea ya aina mbili tofauti. Punje ya durum ni ngumu kama kioo, rangi yake kama asali, na ikisagwa hutoa chenga za manjano. Utomvu wake wa protini unashika wanga usitoroke wakati wa kuchemka. Jirani zetu wa Ethiopia wamelima durum tangu zama za kale. Nchini Italia, sheria ya mwaka 1967 iliagiza makaroni makavu yanayotengenezwa huko yawe ya durum, na sharti hilo lingali lipo.

Ngano ya mkate ni nzuri kwa mkate, chapati na maandazi, lakini makaroni yake makavu huachia wanga. Dalili ni tatu. Kwanza soma pakiti, tafuta neno durum. Pili, tazama makaroni makavu kwenye mwanga: ya durum ni ya manjano, yanapitisha mwanga kidogo, na yakivunjika yanalia kwa sauti kavu. Tatu, tazama maji baada ya kuchemsha. Yakiwa meupe mazito kama uji mwepesi, umenunua ya ngano laini.

Hii haina maana kwamba ya ngano laini ni mabaya. Yana kazi yake. Kama unapikia watoto na chakula kinaliwa papo hapo, yanafaa, na mara nyingi bei ni nafuu. Lakini kama unapika asubuhi ili uuze mchana, chagua durum yenye ukuta mnene na mistari. Na tena, weka makaroni mbali na mchuzi. Vikutane kwenye sahani ya mteja. Makaroni yaliyolala ndani ya mchuzi yanaendelea kunywa maji mpaka yavimbe na kupasuka.

Na jambo la afya. Makaroni yaliyoiva yasikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Vipo vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemsha, vikipata chakula cha vuguvugu huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto upya. Mama lishe achemshe kidogo kidogo kwa awamu, asichemshe kilo 5 alfajiri. Mteja aliyeumwa tumbo harudi, na mtoto akiumwa hasara haina bei.

MRIJA WA KUSOKOTA NYUMBANI

Sasa kuna wanaouliza: ngano yetu ni ya mkate, je, hatuwezi kutengeneza makaroni ya mrija? Wengine wameanza hata kuchangishana fedha za mashine. Nasema, subirini kwanza. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, jaribuni kwa mikono, kwa unga wenu wenyewe.

Ipo aina moja iitwayo garganelli, ya mkoa wa Romagna huko Italia. Ukiitazama utadhani ni penne, lakini haitoki kiwandani. Husokotwa kwa mkono, tena kwa unga wa ngano ya kawaida pamoja na mayai. Yai ndilo linalosaidia kushika kile ambacho unga laini hauwezi kushika peke yake. Ngano ni yenu, mayai ni ya kuku wenu.

Andikeni. Unga wa ngano gramu 400. Mayai 4, yaani yai 1 kwa kila gramu 100. Kama mayai ni madogo ya kuku wa kienyeji, ongeza la tano. Changanya, kanda kwa dakika 10 mpaka donge liwe laini lisilonata. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, lipumzike nusu saa. Kisha lisukume kwa mti wa kusukumia chapati, jembamba kuliko chapati, kiasi cha milimeta 1. Kata vipande vya mraba, sentimeta 4 kwa 4.

Chukua kijiti safi cha mviringo, unene wake kama penseli. Weka kijiti kwenye pembe moja ya mraba, sokota kuelekea pembe ya pili, bonyeza pembe zikutane, kisha uchomoe kijiti. Umepata mrija wenye ncha za kimshazari. Ukitaka mistari, sokota juu ya kitana kipya kilichooshwa vizuri. Waitaliano nao wana kitana chao cha kazi hiyo. Mistari hiyo itashika mchuzi kama tulivyosema.

Mirija hii mibichi huiva kwa dakika 3 hadi 5 tu. Ipikwe siku ile ile. Ina mayai, kwa hiyo usiikaushe juani ukaiweka kabatini kwa wiki kadhaa kama ya dukani. Inashika nafasi ya penne katika mchuzi wa aina yoyote, ila inataka uangalifu wa muda.

Baada ya kuijaribu mara mbili tatu, pigeni hesabu: bei ya unga, bei ya mayai 4, saa za kazi, mkilinganisha na bei ya pakiti ya dukani. Kama mayai kijijini ni ghali, nunueni pakiti. Kama mayai ni mengi na soko lake limelala, pengine faida ipo. Kila kikundi kihesabu kwa bei zake, maana bei ya Kibaigwa si bei ya Makete.

MCHUZI WA SHAMBANI

Tumalizie na chungu kimoja cha watu 10, kitakachokubali penne, ziti, rigatoni au hata ya kiwiko.

Chukua makaroni kilo 1, nyanya zilizoiva kilo 2, vitunguu maji 4, karoti 4, vitunguu saumu punje 6, choroko nusu kilo zilizochemshwa zikaiva, mafuta ya kupikia na chumvi. Kaanga vitunguu, tia saumu na karoti zilizokwaruzwa, kisha nyanya. Acha zichemke bila mfuniko mpaka maji yapungue na rojo liwe zito. Tia choroko. Msimu wa nyanya, zile zilizoiva mno ambazo mnunuzi anazikataa, ndizo nzuri kwa kazi hii, mradi hazijaoza wala kuota ukungu.

Chemsha makaroni, uyatoe dakika 2 kabla hayajaiva kabisa. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke pembeni. Kama chakula kinaliwa hapo hapo, tia makaroni katika rojo, ongeza maji yale kidogo kidogo, geuza kwa dakika 2. Wanga ulio katika maji hayo unafanya rojo lishike mirija. Kama ni ziti laini, tumia maji machache. Kama ni rigatoni, ongeza.

Kwa nini choroko? Kwa sababu makaroni peke yake ni wanga, na protini ya ngano ina upungufu ambao jamii ya kunde inaujaza. Ni sawa na ugali na maharage. Mtoto anayepewa makaroni matupu kwa mafuta na chumvi anashiba, lakini mwili wake bado unadai. Usipokuwa na choroko, tia dengu, kunde au dagaa.

Kwa ufupi, ndugu wakulima, mkienda dukani kumbukeni haya:

1. Jina likikosekana, tafuta umbo linalofanana: ukuta, tundu, ngozi na urefu.
2. Mchuzi mzito wenye vipande unataka mrija mpana wenye mistari. Mchuzi laini unakubali mrija mdogo. Maharage yanataka yaliyo mafupi.
3. Badilisha gramu kwa gramu, si kikombe kwa kikombe.
4. Ukibadili aina, badili na dakika, na uonje.
5. Kwa biashara nunua durum, pika kwa awamu, mchuzi uwe mbali mpaka wakati wa kupakua.

Zoezi la wiki hii ni jepesi. Chukueni aina mbili za makaroni, gramu 100 kila moja, zichemsheni katika vyungu viwili, kisha mwage maji ya kila chungu katika bilauri ya kioo. Tazameni maji yapi ni meupe zaidi. Maji hayo yatawaambia ukweli kuliko picha nzuri ya kwenye pakiti.

Mpaka kipindi kijacho, ambapo tutazungumzia uhifadhi wa vitunguu baada ya kuvuna, nawatakia kazi njema na mavuno mema. Kwaherini.